Hodi ya Stoo ya Juu

Haya yalimpata rafiki yangu Bonareri mwaka 1996, alipokuwa kwenye kipindi cha majaribio ya kazi ya mapokezi katika hosteli moja ya Homa Bay. Jumamosi hiyo wenzake, Wasabato wote, walikuwa kanisani, wageni hawakuwapo, na mvua ilikuwa imeutia mchana giza. Kengele ya moto ikalia. Kwenye paneli ya kengele iliwaka taa nyekundu ya stoo ya juu. Akazungusha ufunguo, ikanyamaza, akabonyeza kitufe cha kuirudisha kawaida. Ikalia tena.

Akampigia simu Maranga, fundi wa kengele hiyo, aliyekuwa Migori.

"Dada, hiyo haitulii mpaka uondoe kinachoisumbua. Kaangalie kwanza. Ukiita zimamoto bure, Jumatatu utakuwa sokoni unauza omena."

Alipanda ngazi peke yake. Mlango wa stoo ulikuwa na kufuli kwa nje. Hapakuwa na moshi, na mbao zilikuwa baridi. Kwa mazoea tu, akabisha.

"Hodi."

Kengele ikakatika ghafla, jengo zima likabaki na sauti ya mvua tu. Kisha mlango ukabishwa polepole kutoka ndani.

"Hodi," ikasema sauti.

Na Bonareri, kwa adabu aliyolelewa nayo, alikuwa ameshaitikia, "Karibu."