Maji ya Chumvi

Siku ya soko, machinjio ya Kitui yalijaa wanunuzi. Farhiya alipenya katikati yao, buibui jeusi na raba nyeupe pe, chaguo baya kabisa la viatu, akaomba damu mbichi ya mbuzi.

Wachinjaji wakaangua kicheko. "Msichana wa Kiislamu anataka damu?"

"Ni ya darubini," akasema, uso ukimwiva. "Nasoma mambo ya seli huko chuo."

Salim, mchinjaji kijana aliyevaa gambuti, akaacha kunoa kisu. "Na seli iko na nini ya kusomwa?"

"Iko na wavu wa nyuzi chini ya ngozi yake. Seli ikivimba kwa maji, nataka kujua huo wavu unaisaidia aje kukaa size yake."

"Basi wavu yangu imekatika leo. Moyo imevimba!"

Tangu hapo ikawa simu asubuhi na jioni, habibi huku, habibi kule. Kila Ijumaa Salim alimpelekea damu kwenye thamosi.

Ijumaa moja Farhiya akampigia. "Habibi, leo ichanganye na maji ya chumvi, nusu kwa nusu."

"Sawa, mrembo."

Chini ya darubini hakuona seli hata moja. Zote zilikuwa zimepasuka. Akatoka mbio hadi machinjioni.

"Umeongeza maji, Salim! Kama wale wauza maziwa!"

"Lakini si wewe uliniambia—"

"Nyamaza! Wewe si mwaminifu!"

Wateja walisikia kila neno. Wakaanza kumkwepa Salim, na Nyamai, tajiri wake, akamwambia apumzike kwanza. Akaenda mji wa Salama kuchoma nyama kando ya barabara.

Baadaye Farhiya alipekua mkoba akitafuta kalamu, mkono ukagusa chupa. Maji ya chumvi ya maabara, yale aliyopaswa kumpa Salim, yamejaa hadi shingoni. Hakuwa amempa. Na Kitui ukisema maji ya chumvi, kila mtu anajua ni yale ya kisima, yanayokataa sabuni, na chumvi yake haitoshi kuzuia seli kupasuka. Kumbe Salim alifanya alichoambiwa. Farhiya akaketi sakafuni, akalia kwa aibu.

Alimfuata Salama na ile chupa. Moshi wa nyama ulimwasha macho, au tuseme ni moshi.

"Ni makosa yangu, Salim. Nisamehe."

Salim aligeuza nyama. "Hapa hakuna mtu ananijua. Enda useme kule uliniharibia jina."

Siku ya soko iliyofuata, Farhiya alisimama palepale machinjioni, simu mkononi, Salim akisikiliza upande wa pili.

"Salim hajawahi kuongeza maji kwa ujanja," akasema kwa sauti. "Mimi ndiye nilimwambia aongeze, halafu nikamtukana mbele yenu."

Nyamai akakohoa. "Mwambie arudi kazi."

Simu ikanong'ona. "Farhiya?"

"Niko, Salim."

"Kwetu tunakunywa hayo ya kisima. Ukiolewa nami, utayaweza?"

Farhiya akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Nitayaweza, habibi. Na nikisahau chupa tena, uliza kwanza ni maji gani."