Chupa Mbili za Maji ya Kijito

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, Shangazi alimwekea Chiriku mkono kichwani na kusali sala fupi. Alimwomba Mungu awalinde njiani, awape akili ya kujifunza na ulimi wa kusema kweli. Walipoitikia amina, Shangazi alivaa mabuti yake ya mpira, akabeba ndoo yenye chupa tupu, nao wakatoka.

Chiriku aliitwa hivyo tangu utotoni, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa darasa la sita, na aliishi kwa Shangazi, dada wa baba yake. Shangazi alifanya kazi katika ofisi ya kutunza kijito na matete yaliyokuwa nyuma ya shule. Kila Ijumaa aliwapeleka wanafunzi kijitoni. Huko walicheza mchezo wa ndege na samaki, wakaimba nyimbo za maji, na kurudi wamelowa hadi magotini, wanacheka. Siku hizo Chiriku alitembea mbele ya wenzake, kifua mbele, utadhani kijito ni chake.

Siku moja Chiriku alitumwa kufuata chaki kwenye ofisi ya shule. Alipofika mlangoni alimsikia Mwalimu Mkuu akizungumza na Shangazi.

“Dada yangu, kazi yako naiheshimu sana. Lakini wazazi wananiuliza, watoto wanafanya nini huko? Wanarudi na tope na nyimbo. Mtihani hauulizi tope.”

“Ni kweli, Mwalimu,” Shangazi alijibu kwa sauti ya chini.

“Muhtasari wa masomo unataka mwanafunzi achunguze, alinganishe, kisha aeleze sababu. Nionyeshe somo moja la kijitoni linalofanya hivyo. Ijumaa nitakuja mwenyewe, na nitawauliza watoto. Nisipoliona, kipindi hicho nitakirudisha kwa hisabati.”

Shangazi alitoka akitabasamu, lakini vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua ncha ya kitambaa cha kichwani. Chiriku alielewa. Shule ikikataa, ofisi itamrudisha Shangazi kwenye dirisha la kukatia wageni tiketi. Aliikumbuka miaka ile ya dirishani. Shangazi alikuwa akirudi nyumbani amenyong’onyea, anakula bila kusema neno.

Wiki ile Shangazi aliazima muhtasari wa darasa la sita, akausoma mstari kwa mstari.

“Shangazi, mchezo wa ndege umeuacha?” Chiriku aliuliza.

“Sijauacha, mwanangu. Namuuliza tu yule ndege, unamfundisha nini mtoto wa watu? Akinijibu, atabaki.”

Jioni, akipiga pasi sare ya Chiriku, alilifanyia somo mazoezi kwa sauti. “Watoto watachota maji juu ya matete, halafu chini yake. Watalinganisha. Maji ya chini yatakuwa safi zaidi, kwa sababu matete huzuia udongo na takataka.”

Chiriku alikuwa anakunja nguo, lakini masikio yote yalikuwa kwenye pasi. Usiku alimwomba Mungu amsaidie Shangazi. Aliomba kwa moyo wote, ila baada ya amina hakusubiri. Kesho yake, wakati wa mapumziko, aliwakusanya wenzake nyuma ya darasa.

“Mwalimu Mkuu akiuliza maji yapi ni safi, semeni ya chini. Akiuliza sababu, semeni matete huzuia udongo na takataka. Haya, rudieni!”

Walirudia. Mmoja wao, mvulana waliyemwita Kobe kwa kutembea na kufikiri polepole, alijikuna shingo. “Na kama sitaona hivyo?”

“Wewe usitafute kuona, Kobe. Wewe jibu tu! Unataka Shangazi akakate tiketi?”

“Sitaki. Ila mimi hujibu polepole.”

“Ndiyo maana nakufundisha mapema.”

Ijumaa ikafika. Mwalimu Mkuu alikuja kijitoni na mabuti ya kuazima yaliyomzidi mguu, yakilia fyoko fyoko kila alipokanyaga. Kundi moja lilichota maji upande wa juu wa matete, jingine upande wa chini. Shangazi alisimama kando ili watoto waongee wenyewe. Mwalimu Mkuu aliinua chupa mbili.

“Hii ni ya juu, hii ni ya chini. Maji yapi ni safi zaidi?”

“Ya chini!” darasa zima lilijibu kwa sauti moja.

“Kwa nini?”

“Kwa sababu matete huzuia udongo na takataka!”

Walijibu kama wanaimba. Mwalimu Mkuu alizisogeza chupa kwenye mwanga wa jua. Ile ya juu ilionyesha vidole vyake vyote. Ile ya chini ilikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa.

“Ninyi mnaona ninachokiona mimi?” aliuliza polepole.

Kobe akanyoosha mkono. “Mimi niliona mapema, Mwalimu. Lakini niliambiwa nisitafute kuona.”

Wachache walicheka, wakajizuia. Mwalimu Mkuu alimgeukia Shangazi. “Dada, uliwapa majibu?”

“Hapana, Mwalimu.”

Alisema kweli, lakini uso wa Mwalimu Mkuu ulionyesha kwamba hakuamini. Kobe alikuwa anatazama vidole vya miguu yake, wala hakumtaja mtu. Chiriku aliona kwamba akinyamaza, hakuna atakayejua. Aliona pia mikono ya Shangazi imeanza tena kuikunja ile ncha ya kitambaa. Moyoni alisema, Mungu wangu, nisaidie, na safari hii hakuwa anaomba ushindi.

“Ni mimi,” alisema. “Nilimsikia Shangazi anafanya mazoezi nyumbani. Nikawafundisha wenzangu majibu. Yeye hajui lolote. Naomba mnisamehe.”

Machozi yalimtoka kabla hajamaliza. Shangazi alimvuta kwake, akamfuta uso kwa kiganja, kisha akamtazama Mwalimu Mkuu.

“Mwalimu, nipe nafasi kidogo. Hata mimi nilitegemea maji ya chini yawe safi. Sijui kwa nini si safi. Twende na watoto tukatafute.”

Mwalimu Mkuu alifikiri kidogo. “Twende.”

Waliufuata ukingo, macho chini. Safari hii hakuna aliyeambiwa atakachokiona. Walipofika nyuma ya uwanja wa shule, walikuta matete yamefyekwa hadi shinani. Ukingo ulikuwa uchi, na udongo mwekundu ulikuwa unaporomoka kidogo kidogo na kuingia majini.

“Nani amefanya hivi?” Shangazi alishtuka.

“Sisi,” alisema Kobe. “Juzi tulikuwa na zamu ya usafi. Tuliambiwa tufyeke vichaka vyote hadi majini.”

“Nani aliwaambia?”

Watoto walitazamana. Kobe alifikiri, kama kawaida yake, kisha akajibu kwa heshima zote, “Ni Mwalimu Mkuu, Shangazi.”

Mwalimu Mkuu alikohoa, akashika kiuno, halafu akacheka hadi mabuti yakalia. “Ni kweli! Niliogopa nyoka.”

“Tupime,” alisema msichana mmoja. “Tuchote hapa juu, kabla ya palipofyekwa, halafu hapa baada yake.”

Walichota. Chiriku aliombwa azishike chupa. Alizigeuza mwangani, akatazama sana, ndipo akasema, “Ya juu ni safi. Ya chini imechafuka. Nadhani ni kwa sababu hapa hakuna mizizi ya kushika udongo.”

Mwalimu Mkuu alitikisa kichwa kwa kuridhika. “Wamechunguza, wamelinganisha, wameeleza sababu. Dada yangu, hivyo ndivyo muhtasari unavyotaka. Ijumaa ni yako, na itaandikwa kwenye ratiba kama kipindi cha sayansi. Na matete haya tutayapanda upya, mimi nikiwa wa kwanza kushika jembe.”

Watoto walipiga makofi. Wenzake walipotangulia darasani, Shangazi alimkalisha Chiriku kwenye jiwe, akaanza kumwosha tope miguuni.

“Umenikasirikia?” Chiriku aliuliza.

“Nimeumia kidogo. Ila najua ulifanya kwa kunipenda.” Alimwaga maji taratibu. “Sikiliza, mwanangu. Kama ningerudi dirishani, ningekata tiketi na maisha yangeendelea. Lakini wewe ukizoea kusema usichokiona, na kuwazoeza wenzako, ni nani atakayewaamini siku mkiona jambo la kweli? Muhtasari hautaki majibu yangu. Unataka macho yako. Mtu mwaminifu hutazama kwanza, akisema amesema kweli, na akikosea anakiri. Leo umekiri mbele ya watu wote, na mimi namshukuru Mungu kwa hilo kuliko kwa kipindi.”

Chiriku alimkumbatia shingoni, akamlowesha.

“Shangazi, tukiyapanda matete, maji ya chini yatakuwa safi lini?”

“Sijui, mpenzi wangu,” alisema Shangazi. “Tutakuja kutazama.”