Nani Alimtangaza Akinyi?

Jumamosi asubuhi Akinyi alivuka na kivuko cha Kamanga, akapanda bodaboda hadi nyumbani kwa mama yake, mtaa wa Buzuruga. Uani palikuwa na turubai. Wanawake walipomwona walipiga mayowe, wengine wakakimbia.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Jirani yao, mzee Ngosha, ndiye aliyethubutu kumjibu. "Wewe. Saa mbili gari la matangazo limepita likisema umekufa kwa ajari Sengerema. Mama yako kasikia, kaanguka. Tumemkimbiza hospitali, akafia njiani."

Akinyi alikwenda moja kwa moja polisi, akaipiga ngumi meza ya mpelelezi Dorotea Mayala. "Nimeuawa kwa spika, na mama yangu amekufa kweli. Namtaka huyo mtu!"

Mchana huo Dorotea alimpata Masele, mwenye gari la matangazo.

"Nilipigiwa simu, afande. Laini yenyewe sasa haipatikani. Mtu alinitajia maneno, akasisitiza nisibadilishe hata moja."

"Yarudie."

"'Akinyi alipata ajali Sengerema. Alifikishwa hospitali na kutangazwa amekufa.'"

Dorotea alikunja uso. Daktari huthibitisha kifo. Tangu lini akakitangaza?

Mshukiwa wa kwanza kuhojiwa alikuwa Ngosha, aliyekuwa akigombana na Akinyi juu ya mpaka wa viwanja vyao.

"Ulisema Akinyi atazikwa kabla hujampa hata hatua moja ya ardhi?"

"Nilisema, tena mbele ya barozi!" mzee alifoka. "Nikiwa na hasila na mtu namwambia usoni. Sijifichi kwenye simu!"

Masele, aliyesimama mlangoni, alitikisa kichwa. "Siyo huyu. Aliyenipigia hakuchanganya 'r' na 'l'."

Dorotea alimgeukia Akinyi. "Kifo chako kingemfaa nani?"

"Binamu yangu, Venant. Babu alituachia wawili kiwanja cha ufukweni kule Kamanga, upande wa Sengerema. Yeye anataka kuuza, hata mnunuzi namjua, lakini mimi nimekataa. Jana ndiye aliyenituma nikakague mipaka. Nikalala huko, simu imeisha chaji."

Dorotea, Akinyi na askari wawili walimkuta Venant msibani, begi miguuni. Alikuwa amerudi mwaka jana kutoka Uingereza, alikosoma na kufanya kazi miaka mingi.

"Pole na msiba," Dorotea alimwambia. "Unasafiri? Begi lina nini?"

"Nguo tu. Sina cha kutangaza."

Dorotea aliliacha begi. "Inabidi watu wajulishwe kuhusu shangazi yako. Niambie maneno, nimpelekee mwenye gari."

Venant alishusha pumzi. "Sema Mama Akinyi alianguka nyumbani, akafikishwa hospitali na kutangazwa amekufa."

Simu iliyokuwa mfukoni mwa Dorotea ilikuwa hewani. Masele, aliyekuwa akisikiliza nje kwa simu yake, aliingia mbio. "Ndiye! Sauti ni hii hii!"

"Wewe hujui unachosema!" Venant aliruka.

"Anajua," Dorotea alisema. "Kwako begi linatangazwa, na maiti inatangazwa, kwa sababu kichwani unafikiri 'declare'. Kiingereza kina neno hilo moja kwa yote. Sisi tuna maneno tofauti: mzigo unatolewa taarifa forodhani, kifo kinathibitishwa."

"Neno siyo ushahidi."

"Mnunuzi wa kiwanja je? Yuko kituoni. Asubuhi ulimweka barabarani hapo asikie spika kwa masikio yake, kisha ukamwambia umebaki mrithi peke yako."

Venant aliketi. "Sikujua shangazi angekufa. Nilitaka siku moja tu, mauzo yapite. Baadaye ningesema watu walikosea jina."

Akinyi alimkaba shingo kabla askari hawajamfikia. "Mama alikulea, Venant! Baba yako alipokufa alikubeba mgongoni, mimi nikatembea kwa miguu! Ukaona anilie siku moja tu?"

Askari walimbandua, wakamfunga Venant pingu. Akinyi aliwafuata akifoka hadi gari la polisi lilipoondoka, kisha akakaa chini, palepale vumbini. Wanawake walikuja kumshika. Aliwasukuma.