Mtani Wangu Alinibeba na Godoro Langu

Jamani, wengine wakiibiwa usingizini huamka wakakuta kitu hakipo. Mimi niliamka nikakuta niko hewani.

Godoro linapaa. Mimi juu yake.

Askari wanne wa baraza la mji, kila mmoja na kona yake, wananipeleka kwenye lori taratibu kama wamebeba chifu.

Nikafumbua jicho moja. Pembeni ya lori amesimama mtu ninayemjua...

Vilikesa.

Mkuu wa askari wa mji. Mtu ambaye jioni ya jana yake tu tulikuwa tumekaa wote, tunanyweshana kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, kutoka bakuli moja, ananitania kuhusu masikio yangu.

"Vili," nikamwambia kutoka kule juu, "unanipeleka wapi?"

"Wewe leo sikupeleki popote, mzee. Nataka godoro. Shuka."

Nikashuka. Ungefanyaje?

Kwa asiyenijua, mimi ni mzee Eroni. Nimeendesha winchi bandarini mpaka nikastaafu, na siku moja niliwahi kuinua meli nikidhani ni kontena, lakini hayo tuyaache. Kodi ya chumba ilipanda, pensheni ikabaki inaitazama tu. Nikahamia kwenye banda la bendi, uwanja wa pwani, hapa mjini kwetu Waidilo, Fiji. Zamani polisi walikuwa wanapulizia tarumbeta humo. Siku hizi tunalala sisi.

Sisi ni nani? Ni mimi, Bibi Sumintra mjane, Sakeasi msukuma toroli wa sokoni, na wengine ambao mkiwaona mtawasalimia tu.

Asubuhi ile walibeba kila kitu. Maturubai. Blanketi. Toroli la Sakeasi. Sufuria ya Bibi Sumintra wakaipakia na uji wake ndani.

"Una notisi?" Bibi Sumintra akamuuliza Vili. "Sheria ya mji inasema mtoe notisi, tukae nayo wiki nzima kwanza."

Hapo ndipo nikamwona Vili anatabasamu. Akapanda kwenye bampa la lori, akageukia sokoni. Mjue, huyu mtu ana sauti ambayo akipiga chafya, mbwa wa kisiwa cha pili wanabweka.

"Hii si kazi ya baraza," akasema. "Huyu mzee ni mtani wangu. Nimevipenda vitu vyake, nimechukua. Kuna mwenye swali?"

Soko zima likacheka.

Na mimi nikacheka. Ilibidi.

Iko hivi. Watu wa kisiwa chao na watu wa kisiwa chetu ni watani tangu enzi za mababu. Namtukana, ananitukana. Akimkuta nguruwe wangu anamchinja, na mimi natakiwa nimuulize kama chumvi ilikolea. Ukinuna, umeuaibisha ukoo wako wote, hadi waliokufa.

Kwa hiyo nilicheka.

Akashuka, akaniinamia sikioni.

"Kesho asubuhi lori linarudi. La kesho ni la watu. Ijumaa wanakuja marais wa nchi za visiwa kwa mkutano, Meya hataki kuona mtu hapa. Kila mmoja anapelekwa kijijini kwao."

Bibi Sumintra alikuwa amesikia.

"Kijijini kwangu ni wapi, mwanangu? Shamba letu la miwa mkataba ulikwisha, mwenye ardhi akalichukua. Sijawahi kuwa na kijiji. Mtanishusha wapi?"

"Hilo utamuuliza dereva, Bibi."

Lori likaondoka.

Wadau, nimeshapigwa na kimbunga, nimeshapigwa na mke, lakini jibu lile liliniuma kuliko vyote. Nikamtazama yule mama amekaa kwenye ngazi ya banda, mikono mitupu, hata kijiko hana. Na kesho wanakwenda kumtupa barabarani kama gunia.

Hapana. Sikubali.

Nikasimama. "Sakeasi, mgongo wako mzima?"

"Mzima, mzee."

"Bibi, mdomo wako?"

"Unaniuliza mimi?"

"Basi twendeni. Ameanza utani mbele za watu. Hajui kwamba utani una pande mbili?"

"Lakini sisi wengine si watani zake," Sakeasi akasema.

"Mtani ni mimi. Nyie ni mikono yangu."

Tukapanda kilima, kundi zima, mchana kweupe. Nyumba ya Vili iko juu kabisa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa baraza. Kibarazani amekaa mama yake, Mama Kinisimere, kwenye kiti chake cha mito. Ni mama mwenye mwili. Akikaa, amekaa.

"Hodi ya mtani, mama," nikapiga.

"Mtani wa wapi mwenye masikio hayo?"

"Wa kile kisiwa cha watu wanaooga."

"Basi umepotea njia. Kwenu mto wenyewe ulihama kwa harufu. Unataka nini?"

"Nimekuja kuchukua vitu."

"Vitu gani?"

"Vyote, mama."

Akacheka mpaka kiti kikalia. Nikasubiri amalize. Kisha nikamweleza alichofanya mwanawe asubuhi, na atakachofanya kesho.

Kicheko kikakatika.

Akamtazama Bibi Sumintra kwa muda. Kisha akageuka akaitazama ile nyumba... milango, madirisha, bati. Sikuelewa anatazama nini.

"Anzeni na kabati," akasema. "Ni zito. Mkilianza mwisho mtaliacha."

Mnajua hatukucheza. Kitanda kikatoka. Televisheni ikatoka. Sofa ilikuwa nzito kiasi kwamba tulipoinyanyua, nyumba ilipumua. Jikoni kulikuwa na sufuria ya magimbi na samaki wa kopo wa tui la nazi, imo motoni. Bibi Sumintra akaishika na kanga, ikateremka kilima kizima bado inachemka, watu wanaifuata kwa harufu.

Nikamuaga Mama Kinisimere.

"Unaniaga uende wapi?" akauliza. "Umeambiwa mimi si mali ya mtani wako?"

"Mama, wewe siwezi kukubeba."

"Una mikono mingi wewe. Si hiyo nyuma yako?"

Akajiegemeza kwenye kiti, akafunga macho. Tukambeba na kiti chake. Sakeasi mpaka leo akiinama, mgongo unasema jina la yule mama.

Jioni ile uwanja wa pwani ulikuwa sebule. Sofa inatazama bahari. Kabati liko pale mpiga ngoma alipokuwa anakaa. Soko lote limekuja kuangalia.

Vili naye akaja, ametoka kukuta nyumba yake ina mwangwi.

Wakamtazama, wanangoja.

Akacheka. Ilibidi.

"Mtani," akasema, "umenikomesha."

"Chumvi imekolea?" nikamuuliza.

Soko likaangua kicheko. Lakini macho yake hayakucheka. Akamsogelea mama yake.

"Mama, twende nyumbani."

"Nyumbani kuna kiti?"

Akaondoka. Alipofika barabarani akageuka, akapaza sauti, "Lori la kesho liko pale pale."

Na kweli. Asubuhi likaja. Tupu nyuma, limewekewa mabenchi. Askari wakashuka, wakaiona sofa ya bosi wao, wakasita.

"Tuanze na nani, mkuu?" mmoja akauliza.

Vili hajalala, unamwona. Akamnyooshea kidole Bibi Sumintra. "Huyo."

Bibi Sumintra hakusogea. "Dereva," akaita, "unanishusha wapi?"

Dereva akatazama usukani wake.

Askari wawili wakamkaribia. Mimi nikaingia katikati. Nina miaka yangu, lakini nikaingia.

"Mnibebe mimi kwanza. Njia mnaijua."

Hapo ndipo Mama Kinisimere akainuka kwenye kiti.

Akashuka polepole, akakaa kwenye mkeka, miguu ameikunja vizuri. Akatoa kifurushi kutoka kwenye kanga yake: mizizi ya kava, imefungwa na gazeti. Akakiweka mbele yangu. Akapiga makofi yale ya viganja vilivyokunjwa... po, po, po.

Jamani... hilo silo jambo la mchezo kwetu. Hivyo ndivyo mgeni anavyoomba kupokelewa na wenyeji. Na likianza, hakuna anayebaki amesimama.

Askari wakakaa. Palepale kwenye majani, na buti zao. Dereva akazima injini, akashuka, akakaa.

Aliyebaki wima ni Vili peke yake.

"Wenyeji wa banda hili," yule mama akasema, "mimi ni mgeni. Naomba mnipokee. Naomba na nafasi ya kulala."

"Mama, acha," Vili akasema. "Nyumba unayo."

"Ninayo mpaka lini?"

Vili akawatazama askari wake waliokaa.

"Sema, Vili. Si unapenda kusemea mbele za watu?"

"Mwisho wa mwezi ujao," Vili akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Anastaafu," mama akatugeukia. "Nyumba ni ya baraza, anayestaafu anatoka. Wamemwahidi watamwongezea mwaka mmoja, akiwafagia nyie kabla ya Ijumaa. Kiwanja hana. Kijijini nyumba tulimwachia mdogo wake. Basi mimi nimekuja kushika nafasi mapema, kabla pembe nzuri hazijaisha."

Hakuna aliyecheka. Soko lile ninalolijua mimi, halikucheka.

"Nilifanya kwa ajili yako, mama," Vili akasema. Sauti ya chafya ilikuwa imekwisha yote.

"Najua, mwanangu. Na huo mwaka ukiisha, utamfagia nani?"

Nikakichukua kile kifurushi kwa mikono miwili. Nikasema maneno yote ya kumpokea mgeni, bila utani hata mmoja. Nikapiga makofi. Bibi Sumintra akapiga. Sakeasi akapiga. Yule mama akawa wa kwetu.

Vili akavua kofia. Akatazama lori... akatazama kilima...

Akakaa.

Na viganja vyake vikapiga, po, po, po.

Simu yake ikaita. Alipoipokea sote tulimsikia Meya.

"Wameshaondoka?"

"Bado, mheshimiwa."

"Unangoja nini? Uko wapi wewe?"

"Nimekaa, mheshimiwa. Niko kwa wenyeji wa banda. Sheria inataka notisi ya wiki. Tuanzie hapo."

Vili akakata. Lori likaondoka na mabenchi yake matupu.

Ijumaa marais walipita. Rais mmoja, simtaji, alisimamisha msafara akaja kunywa bakuli tatu na sisi, akasema sofa ni laini kuliko ya hotelini kwake. Msioamini shauri yenu.

Nyumba? Vili alinyang'anywa hata kabla ya huo mwezi kwisha. Sasa hivi ninavyoandika yuko mita chache kutoka hapa, anakoroma, bahari imesogea nyuma kidogo. Vitu vyetu alivirudisha mwenyewe, sufuria ya Bibi imesuguliwa mpaka inang'aa.

Na notisi ilikuja kweli. Tumeitwa mbele ya baraza tujieleze kwa nini tusiondolewe. Tutakwenda wote, Mama Kinisimere mbele. Tukiulizwa tunataka nini, jibu liko tayari: vyumba, vyenye milango, hapa hapa mjini. Bila hivyo hatutoki, na lori lije tena, magodoro tumeshayafungia kamba kwenye nguzo za banda.

Somo? Wewe unayesoma hii umejilaza kitandani, unasema hawa wa uwanjani ni uchafu wa mji... mimi sikutukani. Nakuuliza tu: nyumba unayolala ni ya nani, na aliyekupa amekuahidi mpaka lini?

Kama jibu limekukwama, njoo Waidilo. Njoo na kava. Upande wa baharini bado kuna nafasi.