Nusu Milimita

Foleni ya mikate kwenye stesheni ya Gambir ilikuwa imefika hadi mlangoni asubuhi ile ya Jumatatu. Wening alikuwa wa tano kutoka mbele pale mwanamume mmoja aliyekumbatia boksi alipojikwaa kwenye begi la mtu. Boksi likapasuka, na vyuma vidogo vinavyong'aa vikatawanyika katikati ya miguu ya abiria.

Wening akainama kumsaidia. Akaokota kimoja, akakigeuza kiganjani, na kabla hajajizuia akasema, "Bizimu la mkanda wa parachuti. Chuma kisichoshika kutu."

Mwanamume akamkodolea macho. Alivaa shati la batiki la buluu, kola imepigwa pasi upande mmoja tu. "Wewe ni mwanajeshi, Mbak, dada yangu?"

"Mimi? Nikipanda ngazi tatu tu naona kizunguzungu. Kazi yangu ni kutoa namba."

"Za simu?"

Wening alicheka bila kutaka, akakiweka sawa kitambaa chake cha kichwani. Sare yake ya kaki ilikuwa imejieleza, maana ndiyo ivaliwayo Jumatatu na watumishi wa serikali. Saa mbili baadaye yule mtu alikuwa amesimama mbele ya meza yake ofisini, boksi limefungwa kwa kamba, naye anatabasamu kama aliyeshinda bahati nasibu.

Aliitwa Dadan, wa Bandung, fundi mkuu katika kiwanda kidogo cha mjane mmoja aitwaye Bu Encum, yaani Mama Encum. Alikuwa ameleta bizimu lao lipewe namba ya tarakimu kumi na tatu, ile ambayo majeshi ya nchi nyingi huitumia kuagizia vifaa, ili kitu kimoja kisihifadhiwe kwa majina kumi. Wening ndiye aliyekuwa akipima, akieleza umbo na madini, kisha akitafuta kwenye orodha kama kitu hicho kinajulikana tayari.

Faili la Dadan halikuisha mapungufu. Leo mchoro hauna sahihi, Ijumaa ijayo ukurasa wa majaribio haupo. Kila alipokuja walikula supu ya kuku kwenye kibanda cha nyuma ya ofisi, na jioni alimpigia simu kutoka kwenye treni, naye Wening akawa anamwita Kang, yaani kaka.

"Umefika, Kang?"

"Bado, Neng. Naangalia mashamba ya mpunga, nakuona wewe."

"Tangu lini mimi ni Neng wako, binti wa kubembelezwa? Jana nilikuwa Mbak tu."

"Tangu uliponimalizia pilipili yangu."

Miezi mitatu ikapita hivyo. Kisha Ijumaa moja Wening hakuigusa supu yake.

"Kang, bizimu lenu lina namba tayari."

"Imetoka?"

"Ilikuwepo kabla hujaja. Kuna kiwanda cha ng'ambo kinatengeneza kitu hiki hiki: umbo, chuma, vipimo, vyote. Kitu kimoja hakipewi namba mbili. Nyinyi mtaandikwa chini ya namba ile ile, kama watengenezaji wengine."

Dadan aliweka kijiko chini. "Marehemu mumewe Bu Encum alilichora kwa mkono wake. Nimemwahidi yule mama litapata namba yake lenyewe, ya nchi yetu."

"Najua."

"Upana ni milimita arobaini na nne. Andika arobaini na nne na nusu. Nusu milimita tu, Neng! Nani ataona?"

"Ataona askari atakayeagiza kwa namba hiyo, apewe kitu kisichoingia kwenye mkanda wake."

"Kwa hiyo karatasi zako ni bora kuliko mimi."

"Usiseme hivyo, Kang."

Lakini alikwisha kusimama. Wening alimtazama akivuka barabara kwenye manyunyu, hakugeuka.

Kesho yake hakupiga simu, wala wiki iliyofuata. Wening akaomba faili lipewe mwenzake, asije akashukiwa upendeleo. Mwenzake akapata jibu lile lile. Ndipo likamwingia wazo lililomnyima usingizi: labda alinipendea namba tu. Hata hivyo, kila Ijumaa simu ilikaa kando ya mkono wake. Akisikia sokoni lafudhi ya Kisunda, ile ya kina Dadan, aligeuka, moyo unamdunda, akakuta muuza viazi. Siku moja alimpigia, asiseme neno. "Halo?" Dadan aliita mara tatu, mashine zikinguruma nyuma yake. Wening akasikiliza ile sauti mpaka machozi yakamjaa, akakata.

Miezi saba. Kisha Jumamosi moja mchana, akipiga pasi sare yake, simu ikalia.

"Neng. Safari hii usikate."

Akazima pasi, akakaa kitandani. "Ulijua ni mimi?"

"Nani mwingine hunipigia simu apumue tu?" Dadan akashusha sauti. "Nilimdanganya Bu Encum. Nilimwambia namba mpya imetoka, nikaficha ile fomu ya kuandikwa chini ya namba ya ng'ambo. Ningekupigia nikwambie nini? Kwamba wewe ulikataa kudanganya, mimi nikadanganya?"

"Na sasa?"

"Juzi nimemwambia ukweli. Akanirushia kandambili. Halafu akauliza, kumbe mume wangu alichora kitu sawasawa na cha ng'ambo bila kukiona? Akacheka mpaka akalia, akaisaini fomu palepale."

Wening akaivuta sare mapajani. "Mimi nilidhani ulinipendea namba."

"Neng, zile Ijumaa za mwisho faili lilikuwa kamili. Kurasa nilizichomoa mwenyewe, nipate sababu ya kurudi."

Nyuma ya sauti yake Wening akasikia kuku. "Uko wapi?"

"Klaten, kwa mama yako. Ulisema kwenu ni nyuma ya msikiti wa buluu. Misikiti ya buluu iko mitatu! Niko na mama yangu, amevaa kebaya, ile blauzi yake ya lesi ya harusi za watu."

Simu ikachukuliwa. "Nduk, binti yangu," mama yake Wening akanong'ona, "huyu kijana amekula sahani mbili, na mama yake ameshaanza kusema mambo ya posa. Nimjibu nini?"

Wening alijifuta uso kwa sare iliyokuwa bado ya moto.

"Mwambie asubiri, Bu. Nakuja."

"Anauliza asubiri mpaka lini."

"Mpaka kesho mchana. Mwambie hata mimi siwezi kusubiri zaidi ya hapo."