Tangazo la Saa Saba

Yamaha iliruka tuta, ikatua kwa gurudumu la nyuma, ikaendelea.

Mbele yake, hatua hamsini tu, Hilux nyeupe ilikuwa ikikata kona kwa fujo. Turubai lilipepea. Chini ya turubai zilionekana katoni, zimepangwa hadi juu.

"Nyigu kwa Mzinga," alisema mwanamke aliyekuwa juu ya pikipiki, kinasa sauti kikiwa ndani ya kofia yake ngumu. "Ninaiona. Inaelekea reli."

"Mzinga nakupata. Usifyatue risasi. Narudia, usifyatue. Mzigo ule ukimwagika, mtaa mzima utahamishwa."

"Najua kilichomo, Mkuu. Ripoti niliiandika mimi."

"Basi isome tena."

Nyigu aliuma meno.

Ripoti hiyo ilikuwa na umri wa siku tisa. Kurasa nne, hoja moja: kuna watu waliokuwa wakivusha mpakani sumu iliyopigwa marufuku, na kuitia katika chupa zilizofanana kabisa na za dawa ya nyanya ambayo kila mkulima anaifahamu. Ukurasa wa nne ulikuwa na tangazo fupi la kuwaonya wananchi. Tangazo lilihitaji muhuri wa Idara ya serikali inayosimamia viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu. Kwa siku tisa lilikuwa likiusubiri muhuri huo, na kwa siku hizo tisa watu kumi na mmoja walikuwa wamelazwa. Nyigu alikuwa na majina yao yote kichwani. Hilo halikuwa limemsaidia hata mmoja wao.

Kwenye reli, treni ya mizigo ilikuwa inapita.

Hilux ikafunga breki. Kabla vumbi halijatulia, mdomo wa bastola ya Glock 19 ulikuwa umeshagusa kioo cha dereva.

"Zima gari. Mikono kwenye usukani."

"Dada, mimi nabeba tu."

"Unabeba nini?"

"Dawa ya nyanya."

"Shuka, ufungue chupa moja, uinuse."

Dereva alimeza mate. "Dada yangu, tusifikishane huko."

Nyigu alivaa glavu, akatoa chupa moja yenye kifuniko chekundu, akachovya karatasi nyembamba ya kupimia aliyoitoa kwenye mkanda wa saa yake ya Casio. Karatasi ilikuwa ya manjano. Baada ya pumzi tatu ikageuka bluu.

Sumu yenyewe.

Aliifunga chupa, akaitia kwenye mfuko mzito wa plastiki. Chini ya kiti akakuta bahasha. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja.

*Tangazo kwa wakulima wote. Dawa yenye kifuniko chekundu ni salama. Pima kifuniko kimoja kwa pampu moja. Vuna baada ya siku mbili. Kwa ushauri wa kitaalamu, piga namba ifuatayo.*

Namba ilikuwa ileile iliyochapwa kwenye chupa, si ya Kituo cha Taarifa za Viuatilifu, kinachowajibu wakulima kwa simu. Ya Kituo aliijua kwa moyo. Na chini ya namba hiyo kulikuwa na muhuri wa Idara, wa duara, wa bluu, umekaa sawa kama umepimwa kwa rula.

"Hii ni nini?"

"Nakala tu. Yenyewe bosi ameshaipeleka redioni. Inasomwa leo saa saba, kwenye kipindi cha wakulima."

Nyigu alitazama saa. Tano na dakika hamsini na mbili.

"Mzinga, njoo uchukue gari hili na dereva wake," alisema. "Mimi naelekea Idarani."

Simu yake ya mfuko wa kushoto ikaita. Mfuko wa kulia ulikuwa wa kazi. Wa kushoto ulikuwa wa nyumbani, na nyumbani maana yake ilikuwa mtu mmoja tu: mjomba wake, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, katika nyumba iliyozungukwa na nyanya pande tatu. Kwa ufahamu wa mjomba, mpwa wake alikuwa karani wa bima.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Hebu sikia, ile dawa nimeipata! Dukani zilibaki chupa mbili, nimechukua moja."

Nyigu alisimama palepale. "Kifuniko chake rangi gani?"

"Chekundu."

"Usiipulizie, mjomba."

"Kwa nini?"

"Nimesikia ina matatizo."

"Umesikia wapi, kwenye bima?" Mjomba alicheka. "Wadudu wanamaliza nyanya, mama, nami siwezi kuwasomea fomu za madai. Jirani kaipulizia juzi. Sasa hivi kalazwa, anatapika, wanasema malaria. Mimi nasubiri redio saa saba. Wakisema ni sawa, navaa pampu. Wale wamesoma."

"Na mimi nimesoma, mjomba."

"Umesomea bima."

Akakata.

Jirani. Mgonjwa wa kumi na mbili, basi.

Jengo la Idara lilikuwa na ghorofa tatu na lifti iliyobandikwa karatasi ya kuomba radhi. Nyigu alipanda ngazi mbilimbili. Katika chumba cha mwisho, karani mwanamke alikuwa akipanga mafaili kwa utulivu wa mtu ambaye hajapata kukimbizwa na chochote.

"Tangazo la viuatilifu," Nyigu alisema. "Lina siku tisa hapa."

"Lipo, dada. Limekamilika kabisa. Bado muhuri tu."

"Mwenye muhuri yuko wapi?"

"Semina."

"Semina ya nini?"

Karani aliinamisha macho. "Ya kuharakisha taarifa kwa umma."

Nyigu alihesabu hadi tano. Kisha akahesabu tena.

"Muhuri wenyewe uko wapi?"

"Kabatini. Ufunguo anao yeye."

"Tazama hii." Nyigu aliweka mezani karatasi aliyoitoa kwenye Hilux. "Kuna watu wamegonga muhuri wenu kwenye uongo."

Karani aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akaisogeza puani. "Huu umeghushiwa kweli," alisema hatimaye. "Mzuri mno. Wetu umekatika ukingoni, na wino tumeagiza tangu mwaka juzi."

Kabati lilikuwa la chuma, kufuli la kawaida. Pini moja ya nywele, sekunde kumi na mbili. Nyigu aliweka simu ya kulia sikioni.

"Mzinga, naomba ruhusa ya kufungua kabati."

"Ili ufanye nini?"

"Nigonge muhuri."

"Hapana." Sauti ya Mkuu haikupanda. "Ukiugonga wewe, tangazo letu litakuwa la kughushi kama lao. Watu watamwamini nani kesho? Nakukataza."

Alichukia kwamba Mkuu alikuwa sahihi. Alichukia zaidi kwamba saa ilikuwa sita na dakika kumi na nane.

"Unaweza kuwapigia redio?" alimwuliza karani.

"Simu ya hapa inapokea tu, dada, haipigi." Karani alishusha pumzi, akasema kama mtu anayejisemea mwenyewe: "Ingekuwa simu ya Kituo, basi. Wale mtu akipiga anajibiwa papo hapo. Jibu la simu haligongwi muhuri. Lingegongwa, si watu wangekufa wakisubiri?"

Nyigu alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka.

"Rudia hilo."

"Lipi?"

"Basi. Nimelipata. Asante, dada."

Saa sita na dakika arobaini na moja, Redio.

Kwenye kochi la mapokezi alikaa mwanamume mwenye suti ya kijivu na viatu vilivyong'aa kuliko sakafu. Alikuwa akisoma gazeti. Kwa dakika nzima ambayo Nyigu alijiandikisha katika kitabu cha wageni, gazeti halikufunuliwa ukurasa.

Mtangazaji wa kipindi cha wakulima alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Alizisoma karatasi zote mbili, ile aliyoletewa na nakala ya tangazo aliyokuja nayo Nyigu, akaziweka bega kwa bega.

"Hii ina muhuri, mwanangu. Yako haina."

"Yangu ni ya kweli, mama."

"Kila anayeingia hapa anasema hivyo. Juzi alikuja mmoja na dawa ya upara."

"Basi usiniamini. Piga namba iliyo kwenye tangazo lao. Uliza upime kiasi gani. Usitaje ni dawa gani."

Mtangazaji alimtazama, akapiga, akaweka kipaza sauti.

"Karibu sana mkulima!" Sauti ilijaa asali.

"Ahsante. Nina dawa hapa, nipime vipi?"

"Kifuniko kimoja kwa pampu moja, mama, na kuvuna ni baada ya siku mbili. Karibu tena!"

Simu ikakatika.

Mtangazaji alikunja uso. "Hajaniuliza dawa gani."

"Sasa piga hii."

Mlio mmoja. Miwili. Sauti ya mwanamke, kavu, isiyo na haraka. Wakulima walimwita Dada wa Simu.

"Kituo cha Taarifa za Viuatilifu. Kabla hujaniambia shida yako, chupa iko mbele yako?"

"Hapana, mwanangu, mimi nilitaka tu..."

"Kailete, mama. Nasubiri. Chupa ambayo hatujaisoma wote wawili, mimi siitolei ushauri. Hata ukiwa mama yangu mzazi."

Mtangazaji alikata polepole, akavua miwani. "Hilo la kwao silisomi," alisema. "Lakini na lako siwezi. Bila muhuri nafukuzwa kazi, na nimebakiza mwaka mmoja nistaafu."

"Usilisome. Kipindi chako kinapokea simu za wasikilizaji?"

"Kila siku."

"Naomba niwe wa kwanza."

Mlango ulifunguka bila kubishwa.

Mwenye suti. Gazeti lilikuwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulishika bastola ya Walther yenye kizuia sauti.

"Mama," alisema kwa adabu, "soma ulichopewa."

Nyigu hakuigusa Glock. Chupa ya sumu ilikuwa kifuani mwake, ndani ya koti, na chumba hakikuwa na dirisha. Alitumia kilichokuwa mguuni. Kiti cha mgeni, kitupu, kilikuwa na magurudumu. Teke moja, na kiti kikamkuta mtu yule magotini. Risasi ilitoka. Ukuta wa sponji uliimeza kama kidonge. Kabla ya risasi ya pili, kiwiko chake kilikuwa kimegeuzwa upande ambao kiwiko hakigeuki, naye alikuwa chini akibusu zulia.

Nyigu alimfunga mikono kwa waya wa vipokea sauti vya masikioni.

"Huo waya ni wa ofisi," alisema mtangazaji.

"Nitaurudisha."

Taa nyekundu ikawaka. Saa saba kamili.

Mtangazaji alijiweka sawa kitini, akavaa miwani, na sauti yake ikatoka laini kana kwamba hakuna mtu aliyelala miguuni pake. "Mabibi na mabwana, ni kipindi cha wakulima. Leo tunaanza na msikilizaji mwenye swali, na tumewapata Kituo cha Taarifa za Viuatilifu wamjibu. Msikilizaji, karibu."

Nyigu alisogea kwenye kinasa sauti. Kwa miaka saba hakuwahi kusema neno mahali ambapo umma ungelisikia.

"Mimi ni karani wa bima," alisema. "Mjomba wangu amenunua dawa ya nyanya. Chupa ninayo hapa, imefungwa, nami nimevaa glavu."

"Vizuri," alijibu Dada wa Simu. "Nisomee. Neno kwa neno."

Akasoma. Jina. Ujazo. Namba ya usajili, tarakimu moja baada ya nyingine.

Karatasi zilisikika zikifunuliwa. "Namba hiyo ni ya dawa ya kupe wa ng'ombe. Kifuniko ni chekundu?"

"Ndiyo."

"Chupa kama hiyo tumeshaipima hapa. Si dawa ya nyanya. Ni sumu iliyopigwa marufuku. Usiifungue. Uliyekwisha kuikoroga, usiipulizie, wala usiimwage mtoni au chooni. Kama imekugusa, vua nguo, oga kwa maji mengi na sabuni. Aliyeugua apelekwe hospitali na chupa yake, daktari aisome. Msimtapishe. Msimpe maziwa. Na dawa yoyote, jamani, haipimwi kwa kifuniko."

Mtangazaji aliinamia kinasa sauti. "Mwanangu, mlijua haya tangu lini?"

"Wiki iliyopita, mama."

"Mbona hamkutangaza?"

"Tangazo lina utaratibu wake. Swali tunalijibu papo hapo. Hakuna aliyekuwa ametuuliza. Wote walipiga namba iliyo kwenye chupa."

Simu ya kulia ilitetemeka. Ujumbe wa Mkuu: *Ile simu ya redio kwenda namba yao tumeifuatilia. Chumba juu ya duka la viatu. Watatu, wote wamekamatwa. Bosi hayupo.*

Nyigu alimtazama mwenye suti pale zuliani. Akaandika: *Yupo. Njoo na waya wa vipokea sauti.*

Nje, jua lilikuwa kali na watu walikuwa wakipita na shughuli zao. Simu ya kushoto ikaita.

"Mama." Mjomba alikuwa akihema. "Nilikuwa nimeshakoroga. Ndoo hii hapa, pampu hii hapa. Nilisema wakishasema tu, nisipoteze muda."

"Imekugusa?"

"Viganja."

"Oga sasa hivi. Badilisha nguo. Ndoo ifunike, kuna watu watakuja kuichukua. Kisha chukua chupa, umpelekee daktari anayemtibu jirani. Mwambie si malaria."

"Ndivyo walivyosema redioni. Ile sauti, mama, niliijua. Nilipokupigia uliniambia hivyo hivyo, nami nikakucheka."

"Nenda kaoge, mjomba."

"Naenda. Lakini hebu niambie. Umesomea bima kweli?"

"Nimesomea bima, mjomba."

Alikuwa anavaa kofia ngumu Mkuu alipopiga.

"Nyigu, habari njema. Mwenye muhuri katoka semina. Tangazo lako limegongwa."

"Linasomwa lini?"

"Alhamisi ijayo."

Nyigu alifunga kamba ya kofia chini ya kidevu, akaipiga teke Yamaha, akaingia barabarani taratibu kama karani yeyote anayerudi kazini baada ya chakula cha mchana.