Kabati Namba 417

Haya nilisimuliwa na rafiki yangu Bo-ram, na Bo-ram si mtu wa kuzua mambo.

Anatunza tovuti ya jumba la majivu ya marehemu huko Incheon, Korea, ambako majivu ya kila marehemu hukaa katika kabati lake la kioo na ndugu huwaandikia wafu wao barua mtandaoni. Sikukuu ya Chuseok, ya kuwakumbuka wafu, ilipokaribia, tovuti ikawa nzito na watu wakalalamika. Akapekua orodha ya wageni, akamwona mmoja anafungua ukurasa wa kabati namba 417 kila baada ya sekunde tisa, wiki nzima, bila kuandika neno.

"Ni roboti tu hiyo, programu inayojiendesha, meneja," akasema. "Mtu angeshachoka."

"Basi izuie. Roboti haina mama wa kumlilia," meneja Gil akacheka.

Akaizuia. Tovuti ikawa nyepesi papo hapo.

Mchana akashuka ukumbini na kitambaa kufuta vioo vya makabati. Hapakuwa na mtu, na taa za safu ya mwisho zilikuwa zimezimika. Huko gizani akasikia kioo kinagongwa taratibu, kama mtu anayebisha kwa ukucha. Kimya. Kikagongwa tena.

Bo-ram akasogea, akaanza kuhesabu. Alipofika tisa, kioo cha 417 kikagongwa, kwa ndani.